Idara ya Mambo ya Kale ina mamlaka gani juu ya nyumba kongwe za Mwanza mjini?

Mjukuu wa Makoroboi ameuliza:

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote, na kwa wakubwa zangu shikamooni. Ninaleta swali lililokwamisha kikao cha ukoo wetu, na ninaomba mwenye kujua sheria au taratibu za Serikali atusaidie.

Familia yetu inamiliki nyumba ya duka katikati ya mji wa Mwanza, upande wa Makoroboi, ambayo marehemu babu aliinunua kwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa akihama nchi. Ni nyumba ya aina ile ambayo kila mwenyeji wa mji anaifahamu: baraza lenye nguzo nne mbele, duka chini, vyumba vya kulala juu, na ua nyuma wenye kisima kilichofunikwa kwa zege. Juu kabisa, chini ya bati, kuna mwaka 1934 uliofinyangwa kwa lipu. Mlango wa mbele ni wa mbao nzito zilizonakshiwa maua na minyororo, una vichwa vya misumari vya shaba, na wazee wa mtaa husema uliletwa kwa treni kutoka pwani.

Baba mdogo amepata mbia anayetaka kuibomoa nyumba hiyo na kusimamisha ghorofa sita. Shangazi, ambaye alizaliwa ndani yake, hataki kusikia habari hizo, na anadai kwamba nyumba ya umri huo ni mali ya kihistoria. Tulipokwenda kuulizia, ofisa mmoja alituambia kwamba jengo lolote lililozidi miaka hamsini haliguswi bila ruhusa ya Idara ya Mambo ya Kale. Katika ofisi nyingine tukaambiwa kwamba hakuna sheria yoyote inayomzuia mwenye hati kubomoa nyumba yake.

Ninaomba kujua yupi kati yao alisema kweli, Idara hiyo hasa inaingia wapi katika jambo kama hili, na kama nyumba ikitangazwa kuwa ya urithi, je, tunanyang'anywa? Na nani anayelipia matengenezo?

Afisa Mipango Mstaafu amejibu:

Marahaba, mwanangu. Ofisa wa kwanza amekosea, na wa pili amesema nusu ya kweli. Nitajaribu kueleza kwa mapana kidogo, kwa sababu jambo hili hupotoshwa sana mijini kwetu.

Idara ya Mambo ya Kale, iliyoanzishwa mwaka 1957 na ambayo leo iko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, inapata nguvu zake kutoka Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979. Jengo huingia katika ulinzi wa sheria hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya tarehe: jengo lililosimamishwa kabla ya mwaka 1863 linalindwa moja kwa moja, hata kama hakuna aliyeweka kibao wala uzio. Ya pili ni ya tangazo: Waziri anaweza, kwa kutangaza katika Gazeti la Serikali, kulifanya jengo la umri wowote, au eneo zima, kuwa urithi unaolindwa. Hiyo miaka hamsini uliyoambiwa haimo katika sheria yetu.

Sasa itazame Mwanza kwa kipimo cha mwaka 1863. Wajerumani walianzisha kituo chao hapa mwaka 1892. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, na ndiyo iliyoleta saruji, bati na maduka ya barabara za kati kwa wingi. Nyumba iliyopewa jina la Gunzert, yule ofisa wa Kijerumani aliyetawala wilaya hii hadi Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, nayo haifiki hata karibu na tarehe hiyo. Kile kibao cha kwenye mnara wa saa kinasema kwamba Speke, yule mpelelezi wa Kiingereza, aliliona ziwa kutoka kilima cha Isamilo tarehe 3 Agosti 1858, yaani miaka mitano tu kabla ya mpaka wa sheria, lakini nyumba za wenyeji alizozikuta zilikuwa za miti, udongo na nyasi, wala hakuna hata moja iliyobaki. Kwa hiyo mstari uleule unaolinda magofu ya Kilwa na Kaole unauacha mji wetu wote nje. Katika kanda hii, kinachobaki ndani yake ni vitu kama michoro ya kale ya kwenye miamba, mabaki ya makazi ya zamani yaliyofukiwa ardhini, na matanuri ya kufulia chuma ya kule Buhaya.

Mimi huwa nasema kwamba walioandika sheria hiyo walikuwa wameelekeza macho Bahari ya Hindi. Hilo ni maoni yangu, lakini angalia matokeo yake: kwa kuwa wameweka mwaka badala ya umri, kukaa kwa jengo hakulisaidii kitu. Nyumba yenu itatimiza miaka mia moja mwaka 2034, na mia mbili baadaye, na bado itakuwa nje ya ulinzi wa tarehe. Kwa majengo ya Mwanza mjini njia iliyobaki ni moja tu, nayo ni tangazo la Waziri. Dar es Salaam walilifanya hilo katika miaka ya 1990 kwa idadi ya majengo ya enzi za Wajerumani na Waingereza.

Kuna jambo jingine ambalo hamkuliuliza, nalo ni muhimu. Sheria hiyohiyo inautaja mlango au fremu ya mbao iliyochongwa nakshi za Kiafrika au za mashariki kabla ya mwaka 1940 kuwa kitu kinacholindwa. Kama maelezo yako ni sahihi, familia yenu imejikuta katika hali ya ajabu: kuta zinaweza kubomolewa kwa kibali cha Halmashauri, lakini mlango uliobebwa na kuta hizo hauuzwi wala hausafirishwi nje ya nchi bila leseni kutoka kwa Mkurugenzi wa Mambo ya Kale. Mwambie baba yako mdogo hilo mapema, kwa sababu madalali wa milango hutangulia kufika kabla ya tingatinga, na huwa wanakuja na fedha taslimu.

Kuhusu kunyang'anywa: tangazo peke yake halihamishi umiliki. Hati inabaki kwenu, mtaishi, mtapangisha, mtarithishana. Mtakachopoteza ni uhuru wa kubomoa, kuongeza au kubadilisha bila ruhusa ya maandishi. Kuhusu fedha, nisikudanganye: sheria inampa Mkurugenzi mamlaka ya kuzuia na kuelekeza, lakini haimpi mwenye nyumba haki ya kudai kwamba Idara imlipie fundi. Hata vituo vya Idara yenyewe vimehitaji kubebwa na taasisi nyingine zenye mapato. Miaka ya karibuni magofu ya Kaole yalikabidhiwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu, na Kilwa Kisiwani ikakabidhiwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Ukiona watu wa misitu na wa wanyamapori wanasimamia misikiti ya karne za kati, ujue mfuko wa mambo ya kale ni mwembamba.

Nusu ya kweli ya ofisa wa pili ni hii. Ni sahihi kwamba Idara haina cha kuwazuia leo kama nyumba haijatangazwa, lakini si sahihi kwamba hakuna sheria. Kubomoa na kujenga mjini kunahitaji kibali cha mamlaka ya mipango, ambayo kwenu ni Halmashauri ya Jiji. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaitambua hoja ya kulinda majengo yenye thamani ya usanifu au ya historia, na Sheria ya Mambo ya Kale nayo inaziruhusu serikali za mitaa kutunga sheria ndogo za kuhifadhi urithi ulio ndani ya mipaka yao. Nguvu ya karibu iko pale Jijini kuliko Dodoma. Katika miaka yangu ya kazi, majalada ya vibali yaliyopita mezani kwangu yalikuwa na sehemu ya maji taka, sehemu ya maegesho na sehemu ya zimamoto. Sehemu ya kuuliza jengo linalobomolewa ni la mwaka gani haikuwapo.

Fundi wa Kirumba amejibu:

Mzee amemaliza upande wa sheria. Mimi naongeza la ufundi, kwa sababu wakati wanafamilia wanabishana nyumba inaendelea kuoza.

Mjukuu, nenda kaangalie ukuta wa nyuma, ule unaoelekea uani, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Ukikuta lipu imevimba, inatoa unga mweupe kama chumvi na ukiigonga kwa kifundo cha kidole inalia kama debe tupu, basi mtu alishapiga saruji juu ya ukuta uliojengwa kwa mawe na chokaa. Unyevu wa ardhini unapanda ndani ya jiwe, zamani ulikuwa unatokea kwenye chokaa na kukauka, sasa saruji imeuzuia, kwa hiyo unatafuta njia nyingine na kuivunja. Wengi huona dalili hiyo wakasema nyumba imechoka, ibomolewe. Haijachoka. Inahitaji kubanduliwa saruji, kuachwa ikauke msimu mzima wa kiangazi, na kupigwa lipu ya chokaa na mchanga. Angalia pia kenchi, hasa mahali zinapokalia ukuta, kwa sababu mchwa wa mji huu huanza hapo, na mabati yenye matundu ya misumari iliyolegea. Fundi aliyezoea tofali za bloku peke yake asiguse nyumba hiyo.

Tena msidhani tangazo la Serikali, au hata la dunia nzima, linashika ukuta. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na bado sehemu ya Beit el Ajaib, lile jumba la maajabu la pale, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wakapoteza maisha.

Mfanyabiashara wa Mjini Kati amejibu:

Ninawaheshimu waliotangulia, hata hivyo ninaona mjadala unaelemea upande mmoja. Kiwanja cha Makoroboi si shamba la Kayenze. Thamani yake iko katika ardhi, wala si katika nguzo nne na mwaka uliofinyangwa kwa lipu, na mpango wa Jiji wenyewe unawasukuma wenye viwanja vya katikati wajenge kwenda juu. Mnamwambia mwananchi abebe gharama ya chokaa, ya kenchi na ya fundi adimu, akose pango la ghorofa sita, ili wapita njia wafurahie baraza. Kama taifa linaitaka nyumba hiyo, basi taifa lilipe.

Pili, historia hiyo ni ya nani? Maduka hayo yalijengwa katika mji ambao Mwingereza alikuwa ameugawa kwa rangi, na mababu zetu walikuwa wakiingia humo kwa mlango wa nyuma wakiwa wamebeba magunia ya pamba. Mwaka 1971 Serikali yenyewe ilipitisha sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mengi ya katikati ya mji yakaenda kwa Msajili wa Majumba, kisha mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba yanatwaliwa kwa sababu ni urithi. Yalitwaliwa kwa sababu ni mali. Leo yamegeuka vipi kuwa vitu vitakatifu?

Mwanafunzi wa Usanifu amejibu:

Ndugu Mfanyabiashara ameuliza swali la gharama, na ninadhani hilo ndilo kiini cha udhaifu wa mfumo wetu, kuliko hata ule mwaka 1863. Ninaomba nieleze jinsi jambo hili linavyofanyika Marekani, ambako kwa sababu za masomo nimelazimika kulifuatilia, ingawa sisemi tuige kila kitu.

Baada ya kubomolewa kwa kituo kikubwa cha reli cha Pennsylvania jijini New York, kazi iliyoanza mwaka 1963 na kuwaudhi watu wengi, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1966 Sheria ya Taifa ya Uhifadhi wa Historia. Kila jimbo likawa na ofisi yake ya uhifadhi inayoongozwa na ofisa maalumu. Ofisi hizo huorodhesha majengo ya jimbo, hupendekeza yapi yaingie katika Rejista ya Taifa, na huwashauri wenye majengo pamoja na halmashauri zao. Kwa kawaida jengo hufikiriwa likifikisha miaka 50. Huenda ofisa wa kwanza wa Mjukuu aliipata miaka hamsini yake huko, maana huu ni umri unaosogea kila mwaka, tofauti na tarehe yetu iliyosimama.

Hata hivyo, wengi wanaposikia habari za rejista hudhani kwamba jengo likiingia humo basi limefungwa. Sivyo. Raia wa Marekani anayetumia fedha zake mwenyewe, asiyehitaji kibali wala ruzuku ya serikali kuu, anaweza kulibomoa jengo lililomo katika Rejista ya Taifa, isipokuwa sheria za mji wake zimkataze. Wanaobanwa ni serikali kuu na taasisi zake: kifungu cha 106 cha sheria hiyo kinazilazimu, kabla ya kujenga barabara, kutoa fedha au kutoa leseni, kupima mradi utaathiri nini katika urithi na kushauriana na ofisi ya jimbo. Ofisi haina kura ya turufu. Ina haki ya kuulizwa na kujibiwa kwa maandishi, na mara nyingi hilo peke yake hubadilisha mchoro wa barabara.

Upande wa fedha, mwenye jengo la kihistoria linaloingiza kipato, kama duka au nyumba ya kupangisha, akilikarabati kwa viwango vilivyokubaliwa, hupunguziwa kodi ya mapato kwa kiasi cha asilimia 20 ya gharama zinazokubalika. Ofisi ya jimbo hupitia michoro kwanza, kisha taasisi ya hifadhi za taifa huidhinisha. Katika mfumo kama huo, jibu la swali la nani alipe lipo: mmiliki hutoa fedha, na umma hurudisha sehemu kupitia kodi. Hapa kwetu tuna Sera ya Malikale ya mwaka 2008, yenye maneno mazuri kuhusu kushirikisha wananchi na sekta binafsi, lakini mwenye nyumba ya Makoroboi akiisoma yote hatapata mahali pa kupunguziwa hata shilingi moja.

Kinachofanana kidogo na kile kifungu cha 106 kwa upande wetu ni tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayosimamiwa na NEMC, taasisi ya Serikali ya usimamizi wa mazingira. Miradi mikubwa, kama reli ya kisasa ya kutoka Isaka hadi Mwanza, inapitia tathmini hiyo, na humo ndimo watu wa mambo ya kale wanapaswa kusikika kabla mtambo wa kwanza haujawashwa.

Afisa Mipango Mstaafu amejibu:

Ndugu Mfanyabiashara, hoja yako ya 1971 ina uzito, na ninaikubali sehemu yake. Lakini umetaja mwenyewe sababu ya kuzihifadhi baadhi ya nyumba hizo bila kukusudia. Magunia ya pamba yaliyoingia kwa mlango wa nyuma ndiyo yaliyojenga mji huu, na mji huo wa pamba umeandikwa katika maghala, viwanda vya kuchambulia, stesheni, bandari na maduka kuliko ulivyoandikwa katika vitabu vyetu. Tukibomoa yote kwa kuwa yalijengwa chini ya Mwingereza, watakaokosa ushahidi ni wajukuu wa wabeba magunia. Mwingereza ana nyaraka zake kwao.

Sisemi kila duka lihifadhiwe. Kazi ya kwanza ya idara ya Serikali katika nchi yoyote ni kutofautisha, yaani kupita mtaa kwa mtaa, kupima, kupiga picha, kuuliza wenyeji, na kusema haya kumi ndiyo, yale mia si lazima. Orodha kama hiyo ikiwepo na ikawa mezani kwa ofisa wa vibali, mwekezaji atajua mapema asinunue kipi. Isipokuwepo, kila ubomoaji unakuwa ugomvi wa familia kama huu.

Binti wa Kisesa amejibu:

Naomba nitoke kidogo mjini, kwa sababu tunazungumza kana kwamba urithi wa kanda hii ni nyumba za maduka na Serikali ndiyo mlinzi pekee.

Bujora, hapa Kisesa, makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa na Padre David Clement wa shirika la Wamisionari wa Afrika, akishirikiana na wazee na wacheza ngoma. Haikuwa kazi ya Idara. Ngoma za watemi, viti vyao vya enzi, dawa na zana za Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, vimekaa pale muda wote huu, na kila mwaka msimu wa Bulabo, sikukuu ya mashindano ya ngoma, ukifika watu hufurika bila kuhimizwa na waraka wa wizara. Vilidumu kwa sababu vina wenyewe wanaovitumia. Butiama, kwa upande mwingine, makumbusho ya Mwalimu yako chini ya Makumbusho ya Taifa, yanaendeshwa na Serikali, na nayo yanafanya kazi yake. Kwa hiyo njia si moja.

Sasa linganisheni na Kageye, kule ufukweni katika wilaya yetu ya Magu, mahali Stanley alipofika mwaka 1875 na kuiunganisha mashua yake iliyobebwa vipande vipande kichwani na wapagazi kutoka pwani, kabla ya kulizunguka ziwa. Wazungu waliofia hapo wanatajwa vitabuni kwa majina, wapagazi hawatajwi. Mahali kama hapo hapahitaji chokaa wala kenchi. Panahitaji mipaka ya ardhi ipimwe na kuandikwa kabla mwenye shamba la jirani hajasogeza jembe, na panahitaji simulizi za wazee wa kijiji zirekodiwe wakiwa hai. Mpaka wa ardhi ni jambo ambalo kijiji hakiliwezi chenyewe, na hapo ndipo ninapoitaka Idara. Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Migori, kuta zao za mawe za Thimlich Ohinga ziliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, lakini kabla ya hapo Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalikuwa yameshazitambua kisheria, kuzipima na kuziandikia kumbukumbu kwa miongo kadhaa.

Kwa Mjukuu, ninamwomba shangazi yako asiingojee Idara kwa mambo ambayo anayaweza mwenyewe. Akae na mtu mwenye simu nzuri, asimulie chumba kwa chumba nani alilala wapi na duka liliuza nini.

Mjukuu wa Makoroboi ameandika:

Ninawashukuru sana wazee wangu na ndugu zangu, wabeja sana. Nimekwenda kuuangalia ukuta wa uani, na maelezo ya Fundi ni yaleyale: unga mweupe hadi usawa wa goti, na chini yake saruji iliyopigwa na wapangaji. Shangazi ameanza kusimulia. Baba mdogo, baada ya kusomewa habari ya mlango, amekubali usiguswe hadi tupate jibu la maandishi, ila amesisitiza kwamba hawezi kumzuia mbia wake bila kikomo.

Ninaomba jambo moja la mwisho. Tukitaka kuiomba Serikali iitazame nyumba hii, barua inaandikwa kwa nani, na iambatanishwe na nini?

Afisa Mipango Mstaafu amejibu:

Barua iandikwe kwa Mkurugenzi wa Idara ya Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii, Dodoma, na ipitie kwa Mkurugenzi wa Jiji ili Halmashauri isije ikasema haikujulishwa. Nakala mpeni Afisa Utamaduni wa Jiji na ofisi ya kata. Ombi liwe na sehemu mbili zilizotenganishwa: kwanza, kwamba mlango utambuliwe na kuandikishwa kwa kuwa ni wa kabla ya mwaka 1940, pili, kwamba jengo likaguliwe na familia ipewe maoni kama linafaa kupendekezwa kwa Waziri. Msiichanganye sehemu ya kwanza na ya pili, kwa sababu ya kwanza inasimama juu ya sheria iliyopo, na ya pili inategemea uamuzi wa mtu.

Ambatanisheni nakala ya hati, mchoro wa kiwanja, picha za pande zote nne, picha ya ule mwaka uliofinyangwa, na picha za mlango zilizopigwa mchana: moja ya mlango mzima, na nyingine za karibu zinazoonyesha nakshi za kizingiti, misumari na bawaba, pamoja na vipimo vyake kwa sentimita. Muwe na ukurasa mmoja wa historia ya nyumba kwa maneno ya shangazi, wenye saini yake na ya wajumbe wa ukoo, akiwemo baba yako mdogo. Kama yeye hatatia saini, barua itafika mezani ikiwa tayari ni kesi ya familia, na hakuna ofisa wa Serikali atakayetaka kuigusa.

Kuhusu mbia, mwambieni achore mchoro wa pili unaobakiza baraza, duka la mbele na mlango, na kuiweka ghorofa nyuma uani. Ua wa nyumba hizo huwa ni mrefu kuliko watu wanavyodhani. Leteni vipimo vyake hapa tuviangalie.